Sharti la Tilly

Tilly Thackray alipoulizwa anataka zawadi gani kwa kutimiza miaka kumi na sita, hakutaja simu wala viatu. Alisema anataka siku moja mtoni kwenye mashua, watu wote wa nyumbani, tangu asubuhi mpaka jioni. Kisha akamtazama baba yake, akaongeza, "Na usimtafute. Siku hiyo moja tu, Baba. Usimtafute."

Stuart alikuwa kwenye sinki la jikoni akijiosha tope la mikononi. Maji ya bomba yaliendelea kumwagika muda mrefu baada ya mikono kutakata.

"Sawa," akasema.

"Apa."

"Naapa, mpenzi. Haki ya Mungu."

Gaynor, mama mtu, alikuwa akipanga sahani kabatini na akajitia hakusikia. Roho ilimuuma, kwa kuwa alijua kilichomsukuma mtoto kuchagua mashua, chombo alichokichukia kuliko kitu chochote duniani. Siku hizo, mwenye haja na Stuart ilimbidi amfuate mtoni. Nyumbani alikuja kubadilisha nguo tu.

Kaka yake Tilly, Kieran, alitoka na wenzake usiku mmoja wa baridi. Wakanywa kwenye baa za ukingoni mwa mto Ouse kama wanavyokunywa vijana wote wa York, halafu akawaaga kwamba anarudi nyumbani kwa miguu. Kamera ya barabarani ilimnasa akivuka daraja, amevaa jaketi la kijani, anapepesuka kidogo, mkono mmoja mfukoni. Ng'ambo ya daraja hakuna kamera iliyomwona tena. Mto ulikuwa umefura kwa mvua zilizonyesha huko milimani. Wapiga mbizi wa polisi walizama na kuibuka wiki baada ya wiki, na watu wa mji wakapita kandokando ya maji na mbwa na tochi. Mwishowe kila mtu akarudi kwake, maana watu wana shughuli zao. Hakikuonekana hata kiatu. Basi kaburi halikuchimbwa na matanga hayakukaliwa, na matanga yasiyokaliwa, nani atayaanua?

Stuart alikuwa fundi wa kupiga lipu ambaye watu walikuwa tayari kumsubiri miezi. Baridi ilipokwisha aliacha kazi, akaja na mashua kuukuu ya chuma, ya aina zile zilizojengwa kwa ajili ya mifereji: ndefu kama behewa la treni, na nyembamba hivi kwamba watu wawili hawapishani ndani mpaka mmoja aketi kitandani. Wenzake wanazitumia kwa likizo, wanapanda maua juu ya paa. Yeye alipita nayo kila siku chini ya magati na kwenye miti iliyoangukia majini, akichokoa kwa kiopoo kirefu. Amefanya hivyo tangu wakati ule, masika na kiangazi, theluji na jua, na sasa watu wa mtoni walikuwa wakimpungia mkono wakiwa mbali, kisha wakitazama pembeni.

Jumapili yenyewe jua liliwaka kama lililotumwa. Gaynor alitengeneza sandwichi za mayai, akaoka soseji alizozungushia unga wa siagi, akajaza chai kwenye chupa mbili. Bibi Doreen, mama yake Stuart, aliletwa na teksi akiwa na sanduku la keki mapajani na kofia ya harusi kichwani.

"Mtu mzima mimi naingizwa kwenye bomba," alisema walipomshika mikono kumshusha ndani. "Nyembamba hivi! Yaani limekaa kama je..." Akaumeza ulimi wake. Neno lile halikutamkwa, lakini wote walilisikia.

"Kama jengo la treni, Bibi," Tilly akamwokoa.

"Ndiyo, mjukuu wangu. Kama jengo la treni."

Wakamkalisha mbele kabisa, kwenye kiti cha kukunja, miguu juani. Stuart akawasha injini, ikakohoa na kushika. Gaynor alisimama naye nyuma, kwenye usukani, bega kwa bega, kama walivyokuwa wakisimama zamani kanisani.

Mto ulikuwa umejaa. Boti ndogo za kukodi zilizunguka kama mende, zinaendeshwa na akina baba ambao hawakuwahi kushika usukani maishani mwao. Mashua kubwa ya watalii ilipita inawatikisa, na kipaza sauti chake kinasimulia habari za watu wa kale walioingia mjini kwa mto huo kuja kupora, "na siku hizi, mabibi na mabwana, uporaji umehamia kwenye bei ya bia!" Wasichana na wavulana wa vilabu walipiga makasia kwa kasi, migongo yao ikitangulia kule wanakokwenda. Mabata bukini hawakumpisha mtu. Chini ya mji kulikuwa na mashua ya kuuza aiskrimu, na Stuart akaisogelea taratibu mpaka zikagusana, akamnunulia mama yake, bintiye na mkewe. Gaynor alilamba ile aiskrimu akiona haya kwamba ni tamu.

Lakini alikuwa akiyachunga macho ya mumewe. Stuart alijitahidi, haki yake apewe. Walipoukaribia mti ulioinamia maji, alikaza shingo akatazama mbele, mishipa ikamtoka. Mti ukapita. Ukaja mwingine. Alikuwa kama mlevi anayepitishwa mbele ya baa moja baada ya nyingine.

"Unaweza," Gaynor alimnong'oneza.

"Usiniambie kitu," akajibu bila ukali. "Nizungumzie mambo mengine."

Akamzungumzia. Alimwambia jirani amefuga kuku na jogoo wake hajui saa. Stuart akacheka pumzi moja.

Mchana walifunga kamba kwenye malisho chini ya kijiji cha Bishopthorpe, anakokaa askofu mkuu wa York, wakatandika shuka majanini. Ng'ombe walikuja kutazama. Bibi Doreen aliikata keki kwa kisu cha mkate, akaimba wimbo wa kuzaliwa kwa sauti yake ya kwaya, akapotea katikati, akaanza upya. Tilly alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Kilikuwa kicheko chake cha utotoni, kile cha kukoroma, na Gaynor alipokisikia ikabidi ageuke afunge kifuniko cha chupa ambacho kilikuwa kimekwisha kufungwa.

"Sasa zawadi yangu," Stuart alisema. "Sikufunga kwenye karatasi. Kurudi mjini, nahodha ni wewe."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Bibi yako atatuingiza kwenye jumba la askofu."

"Nilishaendesha lori wakati wewe hujazaliwa," Bibi Doreen alimjibu mwanawe. "Uliza watu wa Selby."

Basi wakaondoka hivyo, Tilly ameshika mkono wa usukani kwa mikono miwili, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo. Stuart alisimama nyuma yake akimfundisha. "Ukisukuma kulia, pua inakwenda kushoto. Usiifikirie sana, mwanangu. Itazame pua kule mbele, mkono utajua wenyewe. Usipigane nayo. Hivyo hivyo. Umeona? Una mkono mzuri kuliko wangu." Kwa mara ya kwanza tangu lile jaketi la kijani livuke daraja, Gaynor alimwona akimtazama binti yake kwa macho mawili. Akawaza: labda. Neno lenyewe lilikuwa hilo tu, na baadaye alijilaumu kwamba alilithubutu.

Walipokuwa hawajafika hata nusu ya njia, mto ulikuwa umezidi kuchangamka. Nyuma yao mashua ya watalii ilikuwa ikirudi. Mbele, mbali kidogo, mtumbwi mrefu wa wasichana wanane ulikuwa unateremka kwa kasi upande wake halali, na mwenzao mdogo ameketi nyuma akiwahesabia kwa sauti kali. Ng'ambo, kushoto, kulikuwa na mti wa ukingoni ulioanguka na matawi yake yametumbukia. Kwenye matawi palikuwa na kitu kimenasa. Kijani.

Gaynor alikiona wakati uleule mumewe alipokiona.

"Stuart," alisema. "Umeapa."

Hakumsikia. "Geuza," alimwambia Tilly. "Geuza kushoto."

"Baba, kuna watu wanakuja."

"Geuza, nimesema!"

"Baba, siwezi, wale..."

Akamsukuma. Hakukusudia kumwumiza, aliuondoa mwili uliokuwa katikati yake na usukani, kama mtu anavyoondoa kiti. Tilly akajigonga ubavu na kiwiko kwenye mlango wa chumba. Stuart akaubamiza usukani mpaka mwisho, na ile mashua yote, chuma tupu, ikaanza kulala kukingama mto kama mti unaofungwa kwenye barabara. Mashua ya watalii ikapiga honi. Yule msichana mdogo wa mtumbwini akapiga ukelele, makasia yakachimba majini kuzuia, lakini mtumbwi unaokwenda kasi hausimami kwa kuambiwa. Makasia ya upande mmoja yakalikwangua bavu la chuma, moja likavunjika kwa mlio wa mfupa, na msichana aliyekuwa amelishika akarushwa nje kama kifuko.

Stuart hakuwa tena kwenye usukani. Alikuwa akikimbia juu ya paa, kiopoo mkononi, kuelekea mbele.

Aliyefikiria ni Tilly. Injini ilikuwa bado inanguruma, na mapanga yake yanazunguka chini ya maji hatua chache kutoka kwa yule aliyeanguka. Akalirukia jiti la gia la injini akalirudisha katikati, mapanga yakasimama. "Boya, Mama! Boya!" Gaynor akalivuta boya ukutani, akalirusha. Likaangukia mbali. Akalala kifudifudi, akanyoosha mkono mpaka bega likalia. Kichwa kikaibuka, kikazama, kikaibuka tena, na mkono mwembamba wenye baridi ukamshika. Yeye na Tilly wakamvuta kwa fulana, kwa nywele, kwa chochote kilichoshikika, mpaka akamwagika miguuni pao akitapika maji ya mto.

"Baba!" Tilly alipiga kelele. "Baba, tusaidie!"

Kule mbele Stuart alikuwa amepiga magoti, nusu ya mwili nje, anavuta matawi. Bibi Doreen alikuwa amemshika mkanda wa suruali kwa mikono yote miwili ili asiende na maji. "Geuka, mwanangu," alikuwa akimwambia. "Kuna mtoto wa watu nyuma. Yuko hai, Stuart. Geuka." Hakugeuka hata mara moja.

Msichana alitetemeka hadi meno yakagongana. Alisema anaitwa Harriet, kisha akaomba msamaha, kana kwamba kosa lilikuwa lake. Gaynor akateremka chumbani kutafuta kitu kikavu. Hakukuwa na taulo. Akainua godoro la kitanda cha Stuart, akafungua kasha la chini.

Ndani mlikuwa na blanketi nene, jipya, limekunjwa vizuri. Juu yake, sweta la Kieran la buluu. Suruali yake. Chupi. Soksi zimeviringishwa moja ndani ya nyingine, kama Kieran alivyopenda kuziviringisha. Vyote vimepigwa pasi. Stuart, ambaye siku ya harusi yao alipigiwa shati pasi na dada yake.

Gaynor akabaki amepiga magoti. Zilikuwa nguo za kumvika maiti, au za kumpokea kijana anayetoka majini akisikia baridi? Hakujua, na alielewa palepale kwamba hata Stuart hajui, na kwamba hilo ndilo jambo asiloweza kuulizwa. Nje msichana alikuwa anakohoa. Gaynor akazibeba nguo zote na blanketi, akapanda juu.

Walikuwa wamekwisha kumvisha Harriet zile nguo Stuart aliporudi, akitembea juu ya paa taratibu. Mkononi aliburuta turubai la hema, la kijani, limeoza, linachuruzika tope. Alikuwa nalo kama mtu aliyesahau kulitupa. Akamwona mtu ameketi mlangoni, amevaa lile sweta, nywele zimelowa, kichwa kimeinama.

Uso wake ulifunguka. Gaynor hajapata kuona tena uso wa mtu ukifunguka namna ile, na humwomba Mungu asiuone tena. Halafu msichana akainua kichwa.

"Vua," Stuart alisema.

Harriet akamtazama Gaynor.

"Vua hizo nguo. Zina mwenyewe."

"Stuart, mtoto atakufa kwa baridi," Gaynor alisema.

"Zina mwenyewe!"

"Mwenyewe amekufa!" Tilly alisema.

Hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa amewahi kulisema. Lilitoka mdomoni mwa aliye mdogo kuliko wote, na hapakuwa na wa kumkemea. Kule mbele Bibi Doreen aliweka mkono kinywani. Mashua ya watalii ilikuwa imesimama, na watu wake wamejipanga ukingoni kutazama, wengine na simu juu.

Mwalimu wa wasichana alifika na boti ya injini, uso mwekundu, akiwa na maneno mengi ya haki. Aliuliza nani anaendesha chombo hiki, kama ana akili, kama ana watoto. Stuart alikuwa akitazama vile Harriet anavyopandishwa kwenye ile boti, sweta la buluu linavyoketi, boti inavyogeuka, sweta linavyokwenda.

Gaynor ndiye aliyeisogeza mashua ukingoni, na Tilly akafunga kamba. Mtoto alikuwa na jeraha kwenye kiwiko na hakulitazama. Alimwendea baba yake, akasimama mbele yake karibu sana.

"Ningekuwa mimi niliyeanguka," aliuliza, "ungegeuka?"

Gaynor alimwomba mumewe kimoyomoyo: sema ndiyo. Danganya. Wanaume hudanganya kwa mambo madogo kuliko hili.

Stuart alifungua mdomo. Akatazama maji, akamtazama mtoto. "Sijui," akasema.

Tilly akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu ambalo alikuwa amekwisha kulipata mwenyewe. Akaruka ukingoni, akashika njia ya kuelekea mjini.

"Mfuate," Bibi Doreen alimwambia Gaynor. "Huyu wangu nitabaki naye mimi."

"Utawezaje, Doreen? Hata kutoka humo huwezi."

"Basi sitatoka. Nenda, mwanangu. Mfuate huyo uliye naye."

Gaynor alikwenda. Alimkuta Tilly mbali, anatembea upesi, na ilimbidi akimbie. Walipishana na watu wa Jumapili, baiskeli, mbwa, mtoto aliyeangusha aiskrimu na analia kana kwamba dunia imekwisha. Walipolifikia daraja la waenda kwa miguu Tilly akasimama.

"Mama, nimechoka kuwa yule aliyebaki," alisema.

Gaynor alimkumbatia. Akamshika hivyo hivyo, na watu wakawapita kulia na kushoto.

Stuart alimrudisha mama yake jioni, akampandisha teksi, akamfunga mkanda. Yeye hakurudi. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyeaga. Klabu ya makasia ilileta lile blanketi na nguo, zimefuliwa, zina harufu ya sabuni ya nyumba nyingine, na Gaynor alimpelekea. Alizipokea, akalinusa sweta, akaliweka chini. Tilly amehamia Leeds kwa shangazi yake kuendelea na masomo. Anapokuja York hushuka kwenye basi upande wa pili wa mji, ili asivuke mto. Bibi Doreen alilazwa mara moja kwa kifua, akatoka, na sasa hataki kuzungumzia siku ile ila keki.

Kieran hajapatikana.

Kila baada ya siku kadhaa Gaynor huteremka mtoni na mfuko wa nguo safi, akarudi na mfuko wa nguo chafu. Huzungumza habari za mvua na kina cha maji. Safari moja, majani yameanza kudondoka na mto umeanza tena kuwa mzito na wa rangi ya chai, alimkuta ameketi paani anafunga kamba mpya kwenye kiopoo, akaona hatakufa kama akimuuliza.

"Ukimpata, Stuart, utarudi nyumbani?"

Stuart alikaza fundo. Alikuwa amekonda, na ndevu zake zilikuwa nyeupe upande mmoja.

"Nikimpata," alisema, "asubuhi yake nitaamkia nini?"

Gaynor akauokota mfuko wa nguo chafu, ambao ulikuwa umelowa na mzito, akapanda nao ngazi za ukingoni.